Paka Wekundu wa Kitui

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi ya mifugo ya Kitui, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, Daktari wa Wilaya hakuniuliza habari za ng'ombe.

"Ndunge, paka unawaogopa?"

Nikasema la.

"Vizuri. Tukitoka kwenye majosho tutatembea mjini."

Alipenda elimu ya urithi, yaani jinsi mzazi anavyompa mtoto sura yake. Mitaa ya karibu na msikiti ilijaa paka wekundu, rangi ya kutu, na majike wenye mabaka mekundu na meusi. Kwetu Kikima paka walikuwa wa mistari ya kijivu tu, kwa hiyo nilishangaa. Bi Mwanaidi, aliyepika mahamri pale mtaani, alituambia bibi yake alitoka pwani na jike mmoja mwekundu ndani ya kikapu.

"Hawa wote ni wajukuu wake," alisema.

"Inawezekana," Daktari akanieleza tukiondoka. "Dume hupata wekundu kwa mama yake tu. Wekundu wasipobaki wa kuzaa, rangi nayo inaisha."

Nilihamishiwa Kilungu, kisha Kalamba, kuchanja ng'ombe. Niliporudishwa Kitui nilikuta kichaa cha mbwa kimeingia. Msichana wa shule alikuwa ameshafariki. Amri ikatoka juu: mbwa na paka wote wasiofungiwa ndani wauawe.

Bi Mwanaidi alitukabili mlangoni. "Daktari, hawa hawana mwenyewe mmoja. Wanakula kwangu, wanalala kwa jirani. Nikisema ni wangu wote, utaniachia?"

"Wale unaoweza kuwafungia, Mama."

"Nina chumba kimoja, na watoto wamejaa."

Alimfungia mmoja tu, jike mzee mwekundu aliyempenda. Daktari alimtazama yule paka, akaninong'oneza, "Huyo hazai tena." Bi Mwanaidi hakuambiwa. Tuliweka nyama yenye sumu, na asubuhi tukawaokota hadi mkokoteni ukajaa. Daktari aliingia garini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo. Matembezi yetu ya mjini yaliishia hapo.

Kichaa kilikoma. Paka wakarudi, maana mji wenye maghala haukosi panya, lakini hawa walikuja na malori ya mahindi kutoka kwingine, weusi na weupe. Ninyi vijana mnaosomea mifugo mtafundishwa kwamba rangi za paka wa mji hubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi. Ni kweli. Kitui mimi niliziona zikibadilika ndani ya siku chache, na watoto wakaenda shule bila hofu. Mpaka leo sijui tungefanya nini kingine.

Nilipostaafu, miaka ya tisini, nilikwenda kumjulia hali Bi Mwanaidi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Paka alimrukia mapajani, naye akawa anampapasa mgongo.

"Mwanangu, huyu ana rangi gani? Wajukuu wananiambia ni mwekundu."

Nikamtazama paka. "Ni mweusi, Bi."

Mkono wake haukuacha kupapasa.

"Nilijua," akasema. "Wananihurumia. Hebu mmwagie maziwa pale kwenye sahani."