Shavu la Kushoto

Mtaani kila mtu alimwita dada huyo Picha, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga studio yake. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vioo na saluni: pazia la bluu ukutani, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli myeupe, na nyuma ya kaunta kompyuta aliyoifunika kwa kitambaa kila jioni kama mtu anayefunika mtoto.

Watu waliingia na nyuso walizopewa, wakatoka na nyuso walizoziomba. Chunusi zilipotea. Kidevu cha pili kilirudi kilikotoka. Mjomba mmoja aliyekosa harusi kwa sababu alikuwa safarini alipachikwa nyuma ya bwana harusi, akatulia kabisa, na siku hizi mjomba huyo anasimulia jinsi sherehe ilivyofana. Picha alikuwa fundi kweli. Na alikuwa na sharti moja asilolivunja: akishamaliza kusafisha picha, ile ya kwanza, iliyotoka kwenye kamera, anaifuta.

"Picha mbaya ukiiacha hai," alikuwa akisema, "siku moja itakuja kukuumbua mbele za watu."

Uso wa kwanza aliousafisha ulikuwa wake. Alipokuwa mdogo, kabla hajaanza shule, alivuta waya wa pasi iliyoachwa mezani, pasi ikamwangukia. Ncha yake ikamwachia alama kwenye shavu la kushoto, pembetatu ndogo inayong'aa. Tangu siku hiyo nyumbani kwao neno pasi halikutajwa mbele ya mama, na nguo zote, mpaka vitambaa vya meza, zilipelekwa kwa dobi. Picha naye alijifunza kukaa upande: kwenye benchi, kwenye sherehe, kanisani, popote penye kamera, yeye shavu la kulia mbele. Alipopata kompyuta aliifuta ile alama kwenye picha moja ya nyumbani, akampelekea mama yake. Mama aliitazama, machozi yakamtoka. Picha akajua amefanya jambo jema. Baada ya hapo hakuiacha tena alama ile ibaki kwenye picha hata moja.

Sasa, mtu wa namna hii anapataje mchumba? Alimpata kwenye lifti.

Mdogo wake aliyeolewa ugenini alijifungua mapacha, naye Picha akafunga studio akaenda kumsaidia. Jengo lilikuwa refu na lifti yake ilikuwa na kiburi, ilisimama ilipotaka. Siku moja ilisimama Picha akiwa ndani, peke yake, amekumbatia mfuko mkubwa wa nepi. Alikaa humo mpaka sauti ya chuma ikasikika na mlango ukafunguka upana wa kiganja. Tochi ikammulika usoni, shavu la kushoto barabara, na kwa ule mfuko hakuwa na nafasi ya kugeuka.

"Pole," ikasema sauti ya mwanamume. "Wewe taka juisi?"

Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa nchi ile, mwenye nywele zilizoanza mvi na mikono ya grisi. Lifti ile iliharibika mara nyingi mno hata fundi akawa rafiki wa mtoto mkubwa wa mdogo wake Picha, na Kiswahili chake chote alikipata kwa mtoto huyo wa chekechea. Alizungumza kama mtu anayesubiri kubebwa. Picha alicheka mpaka nepi zikamponyoka.

Mengine yalikwenda yenyewe. Alirudi nyumbani, wakawa wanaonana kwenye simu kila siku. Akaenda tena, wakachumbiana. Wakakubaliana ndoa ifungwe huku kwao Picha, kwa sababu mama hasafiri na studio haihamishiki. Lakini sheria haikuruhusu mgeni aje kama mtalii kisha aoe tu. Alitakiwa kwanza kupata kibali cha mchumba, na kibali kilitaka ushahidi kwamba uchumba ni wa kweli. Picha za pamoja, walisema.

"Hapo ndipo kwangu," akasema Picha.

Kaka yake, mwalimu wa udereva, alimwonya. "Kabla hujaingia barabara kuu, tazama kioo cha nyuma. Wewe unaingia tu."

"Kaka, mimi na picha, nani amfundishe mwenzake?"

Alichagua picha nzuri kuliko zote, akazisafisha kwa siku nyingi. Jasho alilikausha. Jino la fundi lililopinda alilinyoosha. Macho yake yaliyofumba alimfumbua kwa kumwazima macho ya picha nyingine. Wapita njia aliwaondoa, ukuta wenye madoa akaubadilisha, na shavu lake, bila shaka, akalilainisha. Kisha, kwa mazoea, akafuta zile za mwanzo.

Aliitwa ofisi ya uhamiaji. Afisa alikuwa dada kijana, miwani kaipandisha kichwani, kapanga picha mezani kama karata.

"Dada, huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wewe uliyekaa hapa ni nani?"

Picha akacheka kidogo, kile kicheko cha kaunta. Afisa hakucheka. Alifungua pasipoti ya Picha, akaiweka kando ya zile picha. Kwenye pasipoti, iliyopigwa na kamera ya serikali isiyojua adabu, alama ilikuwepo. Kwenye picha zote za uchumba, haikuwepo.

"Hapa mmeegemea ukuta. Kivuli chake kinakwenda huku, chako kinakwenda kule. Mlikuwa na majua mawili? Na haya macho yake nimeyaona kwenye picha tatu, yaleyale."

"Nimezisafisha tu, afisa. Ndiyo kazi yangu."

"Kwetu hapa kusafisha na kughushi ni ndugu wa tumbo moja." Afisa akashusha miwani machoni. Sauti haikuwa kali, na hilo ndilo lililomtisha Picha. "Nikifunga faili hili kwa neno ghushi, bwana huyu haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano. Nakupa mpaka Ijumaa. Niletee picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Na nitampigia yeye simu, wewe ukiwa hapo ulipo, kimya."

Miaka mitano! Picha alikuwa amepita arobaini. Alitembea mpaka nyumbani bila kukumbuka ni upande gani wa uso aliouelekeza kwa watu.

Mama alikuwa sebuleni anachambua vifungo kwenye kopo, kaka amekuja kunywa chai. Picha akasimulia yote.

"Haya, zile za mwanzo ziko wapi?" kaka akauliza.

"Nimezifuta."

"Zote?"

"Zote."

"Njia ya mwongo ni fupi, nilikwambia. Umejichoma mwenyewe kwa pasi yako."

Neno lilishatoka. Kaka akaweka kikombe chini taratibu, kana kwamba kikombe ndicho kilichosema. Vifungo mikononi mwa mama vikasimama.

"Ile pasi niliiacha mimi," mama akasema.

"Mama, hakuna aliyesema..." kaka akaanza.

"Ndiyo maana nasema mimi. Miaka yote mnanipita pembeni kama shimo la barabarani." Akamgeukia Picha. "Ile picha ya kwanza uliyojifuta, nililia. Ukadhani nimefurahi?"

Picha akainamia kopo la vifungo.

"Nilimtafuta mwanangu pale, sikumwona. Nikajiona mimi tu, mtu aliyeacha pasi mezani, sasa na ushahidi umefichwa nisije nikaaibika. Mficha uchi hazai, mwanangu. Huyo mtu wako hana picha mbaya hata moja?"

Hilo Picha hakuwa amelifikiria. Fundi wa lifti alikuwa na tabia mbaya ya kumpiga picha asipojua, naye kila mara alimwamuru azifute. Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Zile picha zangu mbaya. Ulizifuta?"

"Wewe sema futa, mimi futa."

"Niambie kweli."

"Mimi si futa," ikaja sauti ndogo. "Mimi ficha. Wewe kasirika?"

Kaka aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Shemeji yetu ni mwizi," alisema, "lakini mwizi mwenye faida."

Picha zikaanza kuingia, simu ikitetemeka mezani kama mdudu aliyelala chali. Picha amelala kwenye kochi, mdomo wazi, pacha mmoja kifuani. Picha anapigana na mwavuli uliogeuka nje. Picha na kitana kimemkwama nywelani, anafoka. Fundi pembeni, jino lake limepinda kama lilivyoumbwa, nusu ya uso imekatwa. Na katika kila moja, kushoto, ile pembetatu inang'aa. Kidole cha Picha kilikwenda chenyewe kwenye kioo cha simu, mahali pa kufutia. Mama akakishika.

Ijumaa afisa alizipitia polepole. Kwenye ile ya mwavuli mdomo wake ulicheza, akaubana. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo!" fundi akasema kwa sauti kubwa.

"Marahaba," afisa akajibu kabla hajajizuia. Huyo angeweza kuwa baba yake mdogo. Akakohoa. "Bwana, swali moja. Mchumba wako ana alama yoyote mwilini ya kumtambua?"

Picha akashika shavu.

"Ndiyo. Kidole cha mguu. Kidogo. Kimepinda."

"Nyingine?"

"Analala, anakoroma."

"Hiyo si alama. Usoni je?"

Simu ikanyamaza muda mrefu. Picha alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, ila hakujiandaa kwamba mtu angeweza kutafuta alama usoni mwake na asiikumbuke.

"Usoni..." fundi akasema. "Aa! Ile! Mimi nasahau. Shavu. Kushoto. Akicheka kweli, inakunja. Akicheka ya wateja, haikunji. Mimi naangalia hapo, najua kama anacheka kweli."

Afisa akainua macho. Picha alikuwa ameshaondoa mkono. Alikuwa anacheka na machozi yanamteremka, na ile pembetatu ilikuwa imekunjika katikati, kama pembe ya ukurasa ambayo mtu ameikunja asije akapoteza mahali alipofika.

Afisa aliitazama kwa muda, akachukua muhuri.

"Picha ya cheti cha ndoa," alisema bila kuinua uso, "atapiga mpiga picha wa msajili. Wewe, dada, usiguse kitu."

Fundi alikuja na sanduku moja la nguo na jingine la bisibisi. Asubuhi ya kwenda kwa msajili, mama alikwenda mwenyewe nyumba ya jirani, akarudi na pasi chini ya kanga. Akatandika blanketi mezani, akalowesha vidole, akaanza kunyoosha shati la mkwe wake. Picha, tayari kavaa gauni, alisogea kutazama.

"We mtoto!" mama akamkemea. "Kaa mbali na huo waya!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, bibi harusi akitangulia. Hata mama alilazimika kuiinua pasi isije ikaunguza shati.

Cheti wakapewa siku hiyohiyo, na picha ikaja baadaye. Mpiga picha wa msajili alikuwa mtu mwenye huruma. Alimwambia Picha ageuke kidogo ili shavu liingie kwenye kivuli, naye Picha akamwambia aliache lilipo. Picha alipoifungua kwenye kompyuta yake, jicho la kazi halikuona shavu hata kidogo. Liliona mkono wa shati la mumewe: una mistari miwili ya pasi badala ya mmoja, mmoja umepinda, kazi ya mtu aliyeacha kunyoosha nguo miaka mingi. Kuuondoa kungemchukua muda wa kupepesa macho tu.

Akaichapa vilevile, kubwa, akaitundika juu ya kaunta.