Hakuwahi Kutozwa Kuku

Kwanza nilisikia kicheko. Nilikuwa jikoni kwa nyanya, nje kidogo ya Chwele, nikichambua maharagwe, na kicheko cha mdogo wangu kikaja kutoka uani jinsi kilivyokuja siku zote: kifupi, cha puani, kikifuatwa na kikohozi kidogo. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, yenye maji, kama mgomba unapokatwa. Niliendelea kuchambua. Nakumbuka nilitoa kokoto mbili kabla nyanya hajapiga mayowe.

Nilipotoka, binamu yetu alikuwa amelala kando ya pikipiki yake, injini bado inanguruma. Mdogo wangu alikuwa amesimama na panga la kukatia nyasi za ng'ombe. Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayetaka umpitishie chumvi.

"Nimechoka kucheka," alisema.

Wawili hao walikuwa bakoki: walitahiriwa msimu mmoja, alfajiri moja, mmoja kando ya mwingine. Kwetu, bakoki wana ruhusa ya kutukanana maisha yao yote, mbele ya wake zao, mbele ya mchungaji, hata matangani. Anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa, na hutozwa kuku. Kuku huyo huliwa na wote huku mwenyewe akichekwa upya. Niliipenda sana desturi hiyo. Niliwahi kuwaambia waandishi wenzangu, katika kikao chetu cha kusomeana kazi, kwamba watu wetu walijua kuitoa sumu mdomoni kabla haijashuka moyoni. Walipiga makofi.

Binamu alikuwa na mzaha mmoja tu. Kwamba asubuhi ile, kisu kilipokaribia, mdogo wangu alipepesa macho. Kwa watu wa Bungoma hilo si jambo dogo. Mwanamume anaweza kuzeeka nalo.

"Niaje, bakoki! Macho yamepona?"

"Yamepona, bana."

"Ati yamepona! Si tumwite ngariba aje kuhakikisha?"

Watu walicheka, naye mdogo wangu alicheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kutozwa kuku.

Nyumbani kwetu Kitale ndiye aliyefundisha kwaya ya watoto kanisani. Aliwabebea wajane wa mtaa mahindi yao hadi kwenye posho mill. Alisalimu wakubwa kwa mikono miwili. "Huyu hana maneno," mama aliwaambia majirani, na sijui sifa inayoizidi hiyo katika nyumba yetu. Mimi nilikuwa na maneno mengi, na nilichapwa kwa sababu ya maneno hayo.

Baada ya mazishi watu walitafuta sababu. Wengine walisema bangi, wengine simu. Walitaka kitu kilichoingia kutoka nje, kama mwizi anavyoingia. Walipokikosa, walianza kumgeukia marehemu: ati alimnyang'anya mdogo wangu msichana, ati alimwibia. Shangazi, mamake marehemu, alinishika mkono kanisani akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Mtoto wangu alifanya nini?" Nikasema sijui.

Mdogo wangu alikiri kosa. Kabla ya hukumu, korti ya Bungoma ilimtuma afisa wa probesheni aje kuona alivyolelewa. Wakili alikuwa ametuonya: tumaini letu lote ni kwamba ilikuwa hasira ya ghafla, ya asubuhi moja. Kinyongo cha miaka ni habari nyingine.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye faili lililochakaa pembe. Mama alimwandalia chai na mandazi, akamtandazia vyeti vyote mezani, hadi kile cha chekechea.

"Aliwahi kuonyesha hasira?"

"Hata siku moja, madam. Uliza mtaa mzima."

"Na wewe, dada yake?"

Mama hakuniangalia. Aliendelea kupanga vyeti, ukingo kwa ukingo.

Krismasi iliyotangulia, baada ya mzaha ule ule kusemwa mbele ya msichana ambaye mdogo wangu alitaka kumuoa, nilimkuta nyuma ya ghala akiuma mkono wake mwenyewe. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kwenye kiwiko. "Ukiuma sana, inapita," aliniambia. Juu ya jeraha hilo palikuwa na makovu mengine, ya zamani, yamejipanga hadi karibu na bega. Ndipo nikaelewa kwa nini alivaa mikono mirefu hata kwenye jua la Januari. Nami nikamwambia, "Ni utani tu. Usituletee aibu ya kuku." Kisha nikaingia ndani nikaandika yote katika daftari langu, makovu na damu na ghala, kwa sababu niliona yangependeza katika riwaya.

"Hapana," nilimwambia afisa. "Hakuwahi."

Alifunga faili, akashukuru kwa chai, akatoka. Mama alivuta pumzi.

"Asante, mwanangu."

Alianza kukusanya vikombe. Hakuna aliyekuwa amegusa mandazi. Nilikwenda chumbani, nikatoa daftari chini ya godoro, nikarudi nalo sebuleni.

"Unaenda wapi?"

"Huyo madam hajafika barabarani, mama."

Alijua ni daftari gani. Daima alijua ninachoandika, ila hakusema.

"Watamfunga maisha."

"Na shangazi, mama? Atazeeka akiamini mtoto wake alikuwa mwizi?"

"Shangazi yako amezika. Mimi wangu bado anapumua."

Nilitoka nikakatiza uani nikiwa nimelikumbatia daftari kifuani, na mbele yangu niliuona mwavuli wa afisa ukiteremka kando ya shamba la mahindi. Nilisubiri mama aniite, anitukane, anitupie hata kiatu. Nilisikia mlango ukirudishwa nyuma yangu taratibu, kwa adabu, kisha komeo.