Wanja wa Bi Sifa na kipimo changu cha MRI

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakizia pumzi na macho ya kuandika haya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Wakuu, salaam kutoka Quionga, kaskazini mwa Msumbiji. Kwa umri huu sina sababu ya kuongeza chumvi, haya yamenipata mwenyewe.

Kichwa kiliniuma miezi kadhaa, kisha jicho la kushoto likaanza kufifia. Mimi nasomesha Kurani. Hofu yangu ilikuwa moja: kutoziona tena herufi.

Daktari akataka nipigwe MRI ya kichwa, huku kwetu wanaita ressonância. Nikavuka Ruvuma hadi hospitali moja Mtwara, peke yangu. Wanangu wako mbali, na mke wangu Bi Sifa alishatangulia mbele ya haki.

Asubuhi ile nilioga, nikavaa kanzu safi, nikapaka wanja. Ni sunna, tena kila safari Bi Sifa ndiye aliyekuwa akinipaka. Kichupa ni chake. Nilikwangua uliobaki chini.

Binti wa mashine akaniuliza kama nina chuma mwilini, kifaa cha moyo, hata risasi. (Kwetu huku, kwa vita tulivyopitia, swali hilo si la ajabu.) Nikasema sina. Nikavua saa na pete, nikatoa na meno ya bandia.

"Babu, vitu mpe uliyekuja naye."

"Sikuja na mtu, mjukuu wangu."

Akavifungia kabatini mwake. Kisha akanitazama usoni.

"Lo, babu! Umejipamba kama bwana harusi. Nani kakupaka wanja?"

"Mwenyewe. Mpakaji hayupo tena."

"Pole, babu. Lakini kanawe. Wanja mwingine una chembe za madini, utakuunguza macho mle ndani na kuharibu picha."

Nikanawa. Wakuu, nililia kwenye sinki lile. Wanja wa mwisho wa Bi Sifa ulikuwa unaondoka na maji.

Mashine yenyewe haiumi. Unalazwa, unazibwa masikio, unapewa kipira cha kuminya ukizidiwa. Kelele zake ni kama mafundi wanaogonga bati juu ya kichwa chako.

Mimi nikaanza tasbihi kwa vidole, kichwa nacho kikafuata. Sauti ikaja: "Babu, tulia, tutarudia!"

Basi nikamtaja Mola moyoni tu, kama nusu saa hivi.

Majibu: hakuna uvimbe. Daktari akanipima tena, akasema kichwa ni presha, na jicho ni mtoto wa jicho, linatibika. Alhamdulillahi.

Nikarudi nyumbani na habari njema mdomoni, nikapiga hodi kwa mazoea. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Ndiyo maana nawaambia ninyi.

Ukienda MRI, taja kila kilicho mwilini mwako, hata unachokiona ni ibada. Na mzee wako akiitwa kwenye kipimo, mfuate, hata kama kazi yako itakuwa kumshikia pete tu. Aliyewahi kuingia mle naye atuambie yake, nitasoma yote.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie macho yako, na kila utakapopiga hodi kwako, awepo wa kuitikia. Amin.