Nilivyochagua kozi ya kuteleza theluji porini nikiwa peke yangu, nikaishia kuwa na msafara

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wenzangu tulio bado madarasani mambo vipi.

Uzi huu ni wa kweli juu mpaka chini. Sehemu zinazonidhalilisha sijazipunguza hata kidogo. Zinazonipamba nimetia chumvi ya kiasi, ile ya kwenye mayai.

Mimi ni mbongo, niko mwaka wa mwisho high school hapa Westerville, kaskazini mwa Columbus, Marekani. Naishi na bi mkubwa, ambaye anafanya kazi ya kuhudumia wazee.

Shuleni kuna ski club, wanateleza kwenye theluji kwa mbao ndefu. Nilijiunga kwa sababu ya binti mmoja ambaye alihama shule kabla hata theluji haijaanguka. Yeye akaenda, mimi nikabaki na ski miguuni. Nikanogewa.

Kwa wasiojua: kuna njia ambazo mashine hupita kuzilainisha, zinakuwa kama kitanda cha hotelini. Off-piste ni kuteleza nje ya hizo njia, katikati ya miti, kwenye theluji ambayo haijaguswa. Hakuna wavu wala kibao. Na mti haukupishi hata ukisema samahani.

Sasa ilikuwaje nikataka mambo hayo?

Nataka kwenda chuo mbali na nyumbani. Bi mkubwa anataka nisome community college hapa hapa Columbus, jioni nirudi kula ugali. Tulibishana mpaka siku moja akaweka mwiko chini.

"Haya. Nenda safari moja peke yako. Ukalale huko, urudi mzima na akili zako. Ukiweza, chuo chagua mwenyewe. Ukinipigia simu unalia, mjadala umekwisha."

Mtu mwenye busara angeenda makumbusho. Mimi nikatafuta kozi ya off-piste.

Nikafungua tabs tatu.

Ya kwanza Louisville. Huko kozi ni ya darasani zaidi, unaonyeshwa slides za watu wengine wakianguka.

Ya pili hapa hapa Columbus. Kilima chetu nakiheshimu, ila ukianza chafya juu unaimalizia parking.

Ya tatu kusini mwa Buffalo. Vilima vya maana, msitu wa kweli, kozi ya wikendi. Na imeandikwa kabisa: kwa solo travellers, watu wanaosafiri peke yao tu. Nikasema hii ndiyo kozi yangu, waliniwaza mimi.

Wazungu kwenye forum zao wanashauri ukichagua kozi uangalie mwalimu ana cheti gani, kundi lina watu wangapi, kama watakupima uwezo kabla ya kukuingiza porini, na vifaa ni vya nani. Nikakagua yote kama mkaguzi wa shule. Nikampelekea bi mkubwa ripoti.

Bi mkubwa akauliza kitu kimoja. "Kuna nani huko?"

Mnaoishi huku mnalijua hilo swali. Kwa wazazi wetu ramani ya Marekani haina majimbo, ina watu. Louisville ni Mjomba Athumani wa Okolona. Buffalo ni Mama Furaha. Mji usio na mtu haujajengwa bado.

Mjomba tulimpigia kwanza. Akasema, "Njoo mpwa wangu, ila mimi nafanya warehouse usiku, mchana nalala. Usinisemeshe." Kwangu hiyo ni pepo. Bi mkubwa akakata simu, akasema, "Huyu atakupoteza hata bila kuamka."

Ikabaki Buffalo. Mama Furaha ni Mkongomani wa ile milima ya Kivu ya Kusini, aliwahi kuwa jirani wa bi mkubwa Kigoma. Sasa wako mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ya zamani waliyoinunua ikivuja wakaiziba wenyewe.

Nikapanda basi. Nikafika, nikawekewa sahani ya kulisha mtu aliyetoka vitani, kisha mahojiano.

"Donc umetoka Columbus mpaka huku, unapanda ku kilima, halafu unashuka."

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mutu anakufukuza?"

"Hakuna, mama."

"Mom, it's a sport," binti yake Furaha akadakia kutoka kwenye ngazi.

"Sport ni mupira," akasema, na mada ikafungwa.

Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa jaketi nene, kitenge juu yake, funguo za gari mkononi, na kapu.

"Mama, nimeshapata lifti."

"Mugeni yangu hawezi enda mu pori peke yake."

"Lakini mama, hii ni kozi ya watu walio peke yao."

"Bon. Na mimi nitakuwa peke yangu, kule mwenye banauzia kahawa."

Nikambebea kapu. Akaniamuru niweke simu sauti ya juu kabisa, akiniita nijibu. Furaha, kwa ubaya wake tu, akaniwekea mlio wa kwaya ya kanisani kwao, ngoma na vigelegele vyote.

Mlimani mwalimu wetu, dada mmoja anaitwa Dana, alitupima kwenye njia ya kawaida, nikapita. Kisha akatupanga wawili wawili. Kumbe porini hakuna cha solo. Una mwenzako, mnaitana kila baada ya kona chache, usimpite kwenda chini, na filimbi inakaa shingoni.

Mwenzangu alikuwa mzee mstaafu, Greg, magoti yamefungwa bandeji. Nikajua leo nimepewa mgonjwa.

Filimbi niliitia begini. Ilikuwa inaharibu picha.

Mteremko wa kwanza, wakuu, sina maneno. Theluji inafika magotini na haitoi sauti. Unahisi kama mtu amekuzimia dunia kidogo.

Wa pili nikaona upenyo kati ya misonobari, mzuri, wa Instagram. Greg anaita nyuma. Nikaingia.

Ski ikanasa kwenye gogo lililofunikwa. Nikatumbukia kwenye shimo chini ya mti, yale yanayojificha chini ya matawi, theluji mpaka kifuani. Ski moja imekwenda zake. Mikono imebanwa, begi liko chini yangu, na filimbi iko ndani ya begi, inapiga picha.

Kila nikijitingisha nazama. Nikaita. Theluji inameza sauti kama godoro.

Hapa sitanii. Niliogopa. Nilimwona bi mkubwa ameshika simu, na mimi upande wa pili nalia. Nikaona chuo kinayeyuka. Baadaye nikaacha kabisa kuwaza chuo.

Ndipo kifuani kwangu ikalipuka kwaya.

Ngoma, vigelegele, soprano wote. Siwezi kuifikia simu. Ikaimba mpaka ikakata. Ikaanza tena. Huyo mama hakati tamaa na simu isiyopokelewa.

Matawi yakafunguka, uso wa Greg ukatokea, mwekundu. Akasema alifuata ngoma.

Wakanifukua yeye na Dana. Simu ikaita mara ya tatu, vidole vyangu vimekufa, Greg akapokea akaniwekea sikioni.

"Ulishakula?" akauliza Mama Furaha.

Mchana kundi zima la solo lilikuwa limezunguka kapu lake. Sambusa, chapati, chai ya maziwa. Akawatazama, akaniambia, "Baulize, nani anabangojea ku nyumba?"

Nikatafsiri. Mmoja akasema paka. Greg akafikiria sana, akasema alikuwa na mbwa.

Mama Furaha akamfungia Greg chapati kwenye foil.

Wikendi iliyobaki nilikaa nyuma ya magoti yake yenye bandeji, filimbi shingoni, kama ng'ombe na kengele. Anateleza vizuri kuliko mimi, yule mzee. Kozi nikamaliza.

Nimerudi nyumbani, bi mkubwa ana taarifa zote.

"Ulilia?"

"Sikulia."

"Mama Furaha anasema ulikuwa na machozi."

"Upepo."

Akaninyooshea mwiko, akaushusha. "Hukunipigia. Ahadi ni ahadi. Chuo chagua."

Nilikuwa na chuo changu cha siku nyingi, kule magharibi, kwenye milima ya kutisha, hakuna hata mtu mmoja tunayemjua. Nilikipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nikafungua ukurasa wake, nikautazama, nikaufunga.

Nimeomba Buffalo. Bi mkubwa nimemwambia ni kwa sababu ya engineering. Majibu bado, ila Mama Furaha ameshapaka rangi chumba.

Nilichojifunza: ukichagua kozi ya hivi ukiwa peke yako, kagua cheti, kundi na vifaa, wazungu wako sahihi. Ila ongeza swali la bi mkubwa. Nani atagundua kwamba hupo?

Haya, tupia hapo chini mji wako na mtu wake. Matusi kuhusu filimbi pia napokea.

Ngojeni kidogo, kwaya inaimba mfukoni. Lazima nikajibu kama nimekula.