Chokaa Juu ya Boti

Mimi huchora bahari, na kiburi cha kazi ninacho: chombo nilichokiona nakichora, nisichokiona sikichori. Kwa hiyo dada yangu alipokuwa anaolewa katika mji wetu wa Mutsamudu, nilimchorea ukuta mzima wa sebule ya nyumba yake mpya, kwa rangi ya mafuta, bandari kama ilivyoonekana kutoka darini kwetu. Meli ya mizigo, ngalawa za wavuvi, na ile boti ya kijivu ya mamluki, bunduki yake mbele, kila kitu mahali pake.

Mama aliingia, akatazama, akakaa chini. "Umetuua, mwanangu," alisema.

Akili ikanirudia. Tangu mamluki wale wa Kizungu waishike nchi, watu walikamatwa kwa madogo kuliko hayo. Jirani yetu alilala kizuizini Moroni, mji mkuu, wiki nzima kwa kupiga picha karibu na kambi yao. Na tulikuwa tumeshaambiwa kuwa ofisa wao mmoja angekuja kwenye karamu, analetwa na mkubwa wa mji, na mgeni wa arusi hafukuzwi. Nikapaka chokaa juu ya boti. Mchoraji aliyefanya kazi miaka kumi kama mimi anajua kuwa chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, lakini woga ukiingia ujuzi hutoka. Asubuhi ya karamu chokaa ilikuwa imebanduka vipande vipande, boti inachungulia. Kuweka kabati hapo hakukuwezekana, maana sebule ya bibi arusi lazima ionekane yote. Wageni huja kuzitazama kuta na vyombo.

Ofisa akaingia na walinzi wawili. Akanywa sharubati, akatembea polepole kandokando ya ukuta, akasimama palepale. Akakwangua chokaa kwa ukucha.

"Nani kachora?" aliuliza kwa Kifaransa. "Na kwa nini kaificha?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini aliyesema ni mjomba, mwalimu wa madrasa, ambaye hajawahi kushika brashi maishani mwake.

"Ni mimi."

Kwetu mjomba huyabeba ya watoto wa dada yake, na yeye aliyabeba bila hata kunitazama. Wakamtoa katikati ya wageni, na siku ileile wakampeleka Moroni kwa ndege.

Nilimfuata kwa boti ya abiria. Nikapita soko la Volo Volo, nikafika hadi lango la kambi yao alikofungwa, nikageuka. Kesho yake tena, hadi langoni, nikageuka. Nilijiambia kuwa nikisema tutafungwa wawili. Huenda ilikuwa kweli, ila sikuiamini hata siku moja. Niliogopa tu.

Siku ya tisa wakamwachia. Walikuwa wamempa brashi achore boti, wakaona mkono ule haujui kuchora, wakataka jina la mchoraji. Hakulitoa. Wakamvunja vidole vya mkono wa kulia, na havikuunga vizuri.

Mwaka mzima uliofuata nilimwandikia mbao za wanafunzi wake, aya kwa aya, yeye ameketi pembeni akinisomea. Hakuniuliza kitu. Kila nilipomaliza ubao aliutazama, akasema, "Hati yako nzuri, mwanangu," nami nikampa mtoto ubao wake huku nimeinamisha uso.