Kisiwa Kizima Kiliniswalia Maiti, Nami Niko Hai

Kaburi langu liko kisiwani Chula.

Nimesimama mbele yake kwa miguu yangu, nikasoma kibao: Wardah binti Shuaibu. Jua la saa nne asubuhi, nami nimeshika chupa ya maji. Sikuwa naota.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetolewa kituo cha mayatima Kismayo wiki ile ile.

Kutolewa kwenyewe ni hivi. Unaitwa, unaambiwa sasa wewe mtu mzima. Unapewa mfuko wa nguo. Geti linafungwa nyuma yako.

Nikatafuta chumba. "Kwenu ni wapi?"

Nikatafuta kazi hotelini. "Nani anakujua?"

Nikaenda kuomba kitambulisho. "Lete mzee wa kwenu aje akutambue."

Mzee gani? Ningekuwa na mzee ningelelewa kituoni?

Ndipo nikaelekezwa kwa Rukia. Rukia huwasaidia vijana wanaotoka vituoni mambo ya sheria, kwa sababu yeye mwenyewe alitoka humo humo na hakuwa na wa kumsaidia. Ana mdomo huyo dada, ukizubaa unakuchanja.

"Unajua nini juu yako?" akaniuliza.

"Jina langu. Jina la babangu. Na kwamba nilitoka Chula."

"Wewe tajiri basi. Kuna wenzako hata jina walipewa na mpishi. Twende Chula."

Huko Chula, tulipopita baina ya nyumba, wanawake waliokuwa wakiparua samaki wakanyamaza. Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kufukuza mashetani, na si kimoyomoyo.

Kitoto kikanisogelea. "Wewe ni mchu?"

Mchu ni mtu, kwa Kibajuni chetu. Kabla sijajibu, mamake alikivuta mkono kikapaa.

Kumbe nimefanana na marehemu mamangu, sura na mwendo.

Mfagiaji wa msikiti ndiye aliyetupeleka makaburini, naye alisimama mbali. Akatueleza. Wazazi wangu walikwenda Kismayo nami nina miaka minne, kipindupindu kikawaua wote wawili. Ami yangu Nassor, ndugu wa babangu, akarudi na sanda tatu. Mbili kubwa, moja ndogo. Akakataza mtu kuzifungua, ugonjwa ule unaambukiza. Watu wakaswalia, wakazika.

"Na nyumba ya babangu?"

"Anakaa Nassor."

Basi. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Rukia akapiga mlango mmoja mmoja kutafuta mashahidi. Wote macho chini. Jioni akaniambia, "Hawakuchukii. Lakini ukiwa hai wewe, wao waliswalia nini? Hakuna anayetaka kujibu hilo."

Rukia akafungua kesi. Kadhi alipokuja kisiwani kuisikiliza, baraza ilijaa. Nilitaka vitu viwili tu: niitwe jina langu, na nyumba ya babangu.

Ami Nassor alikuja na kanzu imepigwa pasi, tasbihi mkononi. Hakunitazama hata mara moja.

"Sheikh, mtoto wa ndugu yangu nilimzika kwa mikono hii. Huyu simjui. Kafundishwa huko mjini aje kutunyang'anya."

"Si damu yako?" kadhi akauliza.

"Si damu yangu. Wallahi."

Kaapa. Mbele ya watu. Wala sauti haikutetemeka.

Kadhi akamgeukia Rukia. "Mashahidi wako?"

"Wamo humu ndani, Sheikh. Wamekula ndimi zao."

"Shahidi asiyesema si shahidi, mwanangu."

Nikajua nimekwisha. Nikatazama mikono yangu nikajiuliza, kwani kweli mimi ni Wardah? Mtu akikataliwa na watu wote, hata mwenyewe huanza kujitilia shaka. Labda nimelala ndani ya lile kaburi, na huyu aliyekaa hapa ni kitu kingine.

Hapo akainuka kijana mmoja. Tahir, mwana wa Nassor, rika langu.

"Sheikh, baba amesema huyu msichana si wetu, hana mtu. Mimi nataka kumwoa. Mahari ninayo. Asiye na walii wa kumwozesha, si kadhi ndiye walii wake? Tufungie sasa hivi."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Mapenzi gani haya ya barazani."

Nassor akageuka. "Kaa chini, wewe mpumbavu."

"Una pingamizi?" kadhi akauliza.

"Mchu hana asili, Sheikh."

"Kukosa asili si haramu. Kuna jingine?"

Nassor akavuta tasbihi yake.

Kadhi akaniuliza, "Binti, umeridhika?"

 Nikafikiri, nitapata jina la mke wa mtu, angalau hilo. Nikasema, "Nimeridhika."

Kadhi akamwambia Tahir asogee. Akampa mkono. Nassor midomo yake ilikuwa ikicheza, jasho limelowesha kola. Kadhi akapiga Bismillahi.

"Haifai," Nassor akasema.

"Haifai nini?"

"Haifai. Wamenyonya ziwa moja, ni ndugu kwa sheria. Mamake Tahir aliwanyonyesha wote wawili miezi mingi."

Kadhi akauachia mkono wa Tahir polepole. "Alimnyonyesha nani?"

"Huyu."

"Huyu nani?"



"Wardah," akasema. "Wardah wa Shuaibu."

"Na ile sanda ndogo, ulifunga nini?"

"Nguo zake. Na mchanga."

Kadhi alihukumu siku ile ile. Jina langu nikarudishiwa; fungu la urithi la Nassor likafidia miaka aliyokaa humo, nyumba ikawa yangu.

Nilimkuta Tahir nje, amekaa kwenye ngazi.

"Ulijua?"

"Mama aliniambia kabla hajafa. Kwamba nina dada wa kunyonya, baba kamwacha kwenye geti la kituo. Ningesema mimi, wangesema nimesikia kwa maiti. Ilibidi aseme mwenyewe."

"Na kama angenyamaza?"

"Ningepiga ukelele mimi kuizuia ndoa, kesi yako ife." Akainama. "Lakini alikaribia, dada. Nilimtazama usoni. Alikaribia kabisa kutuachia tuoane."

Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, kuliko kaburi. Haramu ya ziwa nusura aiachie ipite, na haramu ya mali ya yatima aliibeba miaka yote, na watu wakiswali naye safu moja.

Wewe unayetoka kituoni mwaka huu, nakwambia: usiondoke getini kabla hujauliza nani alikuleta, nani alikunyonyesha, nani alikuwa jirani. Waulize wangali hai. Kisha mtafute anayejua sheria akusimamie, usiende peke yako.

Nanyi wa Chula mnaosoma hapa, na mpo. Mlinijua nilipopita mara ya kwanza. Aliyenisomea Ayatul Kursi alinijua kuliko wote.