Mke wa Seremala

Marehemu alikuwa mkunga wa mtaa kwa miaka thelathini na minane, na nusu ya vichwa vinavyopita barabarani vilipokewa na mikono yake. Kwa hiyo zahanati ilipoamua kuandika ubaoni majina ya wanawake walioujenga mtaa, mumewe seremala aliuchonga ubao ule mwenyewe, bure. Kusoma hajui, ila mbao anazijua.

Siku ya kuutundika, ubao ukiwa bado mezani, alimwita nesi kijana wa pale zahanati. "Mwanangu, nisomee mstari wa mama yako."

"Wa tano, baba. 'Mke wa Seremala, mkunga.'"

"Na jina lake?"

Nesi akamtazama karani aliyeandika majina. Karani akacheka kidogo. "Mzee, si nilikuja kwako kuuliza? Ukaniambia, 'Andika mke wangu, nani asiyemjua?'"

Kweli alisema hivyo. Msiba ulikuwa mbichi, na jina lile hakuweza kulitamka.

"Basi futa, uandike upya."

"Rangi imeshakauka, mzee wangu, na wageni wako mlangoni. Kwani seremala si wewe? Heshima imerudi nyumbani kwako."

"Mimi sijamzalisha mtu," akasema mzee.

Akatoa randa kikapuni, akaupiga mstari wa tano mpaka ubao ukabaki mtupu pale. Wageni wakaingia, wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza pengo lile ni la nani.